Wafumaji wa Lamu na Malindi: mitindo mnaitoa wapi mtandaoni? Mbona kazi zetu zimeanza kufanana?

#1 UziMweupe (Langoni, Lamu)

Assalam aleikum. Nina dai, na mwenye hoja anipinge.

Pita maduka ya Lamu mjini, nenda Shela, kisha shuka hadi Malindi. Vitu vya kroshia vinavyotundikwa milangoni ni vilevile: mkoba wa miraba ya rangi wenye ukingo mweusi, blauzi fupi ya kufunga kamba shingoni, kofia ya jua yenye ua la alizeti, pweza mdogo wa kuchezea mtoto. Vimefumwa vizuri, na mtu anayejua kazi. Lakini ukivichukua ukavitundika Bali au Lisbon, hakuna atakayejua vimetoka Lamu.

Mimi nasema sababu ni kwamba sote tunachota kisima kimoja. Tunafungua Pinterest, tunafungua TikTok, tunachukua kilichotangulia kutokea, tunafuma. Nawauliza wafumaji wa kroshia na wa sindano mbili pia: mnatafuta wapi? Mnatafuta kwa maneno gani? Na mkishaipata picha, mnaifanya nini kabla ya kushika kulabu?

#2 Sindano4 (Muyeye, Malindi)

Wa aleikum salam dada. Nusu nakubali. Mtandaoni kila kitu kipo, ila ukitafuta kwa Kiingereza, tena kwa maneno mawili ya jumla, unaletewa kilichopendwa na wengi, na hao wengi wanaishi kwenye baridi. Ndiyo maana unajazwa sweta na soksi za sufu wakati wewe unatoka jasho la kaskazi.

Mimi siku hizi natafuta kwa Kireno. Naandika crochê, naongeza barbante, yaani ule uzi mnene wa pamba. Wabrazili wana joto kama letu na wanafuma vitu vya watu wa joto: mazulia ya jikoni, vifuniko vya viti, mikoba ya sokoni. Kihispania ni ganchillo. Kituruki ni tığ işi, na hapo utakutana na kingo za mitandio ambazo hujawahi kuziota. Lugha zenyewe sizijui, nafuata mchoro tu.

#3 BintiShela

Mchoro upi? Mimi nikifungua naona maandishi matupu kama mkataba wa shamba.

#4 Sindano4

Mchoro wa alama, @BintiShela. Yai dogo ni cheni. Msalaba ni mshono mfupi. Herufi T ni mshono wa nusu. T iliyokatwa na mstari mmoja mlalo ni mshono mrefu, ikikatwa na miwili ni mrefu zaidi. Unaanzia katikati unazunguka kwenda nje, au unaanzia chini unapanda. Wajapani wameuzoea sana utaratibu huu, vitabu vyao vya kufuma vimejaa michoro na maneno yamewekwa pembeni tu. Ukizishika hizo alama, kazi ya Mjapani, ya Mrusi na ya Mturuki zote zinasomeka.

#5 Mama Wawili (Barani, Malindi)

Mtoto wa dada yangu aliniambia kuna tovuti ya mitindo ya kufuma inaitwa Ravelry. Nimefungua nikaona bei kwa dola, nikafunga. Wenye dola na watumie, mimi nina ada ya shule ya kulipa.

#6 Kaskazi (Mombasa, mzaliwa wa Lamu)

Mama Wawili, hapo naomba nikusahihishe kwa heshima. Kujiunga na Ravelry ni bure, na imekuwa hivyo tangu ilipofunguliwa mwaka 2007. Kinacholipiwa ni baadhi ya maelekezo, na ukinunua unamlipa aliyeubuni mtindo. Maelfu mengine ni ya bure, unachagua tu uonyeshwe ya bure peke yake.

Halafu ubure wenyewe si ndio utamu wake. Utamu ni kuchuja. Una mpira wa pamba wa mita 150, kulabu ya milimita 4, na mteja anataka kofia ya mtoto. Unaweka hayo yote, unaletewa kinachowezekana kwa ulichonacho mkononi. Pinterest haikuulizi una uzi gani.

La pili: ukiupenda mtindo, usikae kwenye picha ya mbunifu. Nenda kwenye kazi za watu waliokwisha kuufuma. Utakiona kitu kimoja kikiwa kimetoka kwenye mikono mingi, kwa nyuzi tofauti, kimevaliwa na watu wanene kwa wembamba, chini ya taa ya jikoni. Hapo ndipo unapojua mabega yanashuka au hayashuki.

#7 Mama Wawili

Ahsante mwanangu. Hilo la mita ndilo nililokuwa nalitafuta.

#8 Fundi Kofia (Mkomani, Lamu)

Nimesoma kutoka yuu. Mwatafuta Brazili, mwatafuta Japani, na mtindo uko kichwani mwa babako kila Ijumaa.

Chukua kofia ya vito, kofia yetu ya mkono. Itazame kwa mato ya karibu. Kwanda huchorwa kitambaani. Mchoraji na mshonaji huenda wakawa watu wawili, na mchoraji mzuri hujulikana muyi mzima. Kitambaa ni cheupe, tabaka mbili. Kisha hushonwa ndani ya ule mchoro, na vile vitundu vidogo, kila kimoja huzungushiwa uzi ukingoni mpaka kikasimama imara. Hivyo ndivyo vito. Kofia moja huchukua miezi. Ukanda wake una mtindo unaojirudia, na kipande cha yuu kina mtindo wake wa duara. Mtindo wa duara ndio huohuo mnaoutafuta kwenye simu kwa ajili ya vitambaa vya meza!

#9 UziMweupe

Ami, maneno yako nayaweka moyoni. Lakini kushona si kufuma. Ule mstari wa kofia unapinda popote sindano inapotaka. Kroshia ina mwendo wake, kila tundu linakaa juu ya tundu. Unahamishaje kito kutoka bafta kwenda kwenye uzi?

#10 Mwalimu Zidaka (Lamu)

Hapa naomba nafasi, kwa sababu nimelifanya hili na binti zangu.

Nunua daftari la hesabu la miraba, lile la watoto wa msingi. Ipige picha kofia, au mlango wa kuchongwa, au zile zidaka, yaani shubaka za chokaa ukutani, kwenye nyumba kongwe za mawe. Ikuze mpaka uone kipande kimoja tu kinachojirudia. Usichukue mlango mzima, chukua ua moja, au ile minyororo inayopanda kwenye fremu. Kisha lihamishe daftarini: mraba uliojaa unautia penseli, mraba mtupu unauacha.

Sasa fuma kwa miraba. Mraba mtupu ni mshono mrefu, cheni mbili, mshono mrefu. Mraba uliojaa, zile cheni mbili mahali pake panakuwa na mishono mirefu miwili. Basi. Hiyo ni kazi ya zamani Ulaya, watu walifumia mapazia na vitambaa vya altari, na mtandaoni utaipata ukitafuta filet. Kuna maktaba ya bure inaitwa Antique Pattern Library yenye vijitabu vya zamani vilivyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, na miraba ya aina hii imo tele. Angalia walivyogawanya ua katika miraba, kisha ugawanye ua lako.

Tahadhari: mraba wa daftari ni mraba kamili, wa uzi sio. Mkono wa mwingine unatoa mraba mrefu, wa mwingine mpana, na ua la mlangoni linageuka kuwa yai. Fuma kwanza kipande cha miraba kumi kwa kumi, upime kwa rula pande zote mbili. Ikirefuka, badilisha kulabu au punguza kuvuta uzi juu.

#11 BintiShela

Mwalimu, kama ungekuwa unafundisha hivi tulipokuwa darasani nisingekimbia hesabu.

Lakini turudi kwenye dai. Mimi napinga kwamba ni sisi tunaofuata kisima. Anayefuata ni mteja. Mgeni anashuka na mashua, amekaa Shela siku nne, anakuja na simu mkononi: "Nifumie hii." Picha ameihifadhi tangu kwao. Nikimwambia nina mtindo wa mlango wa Lamu ananiambia mzuri, sana, halafu anarudisha kidole kwenye picha yake. Nifanye nini? Nafuma. Kwa hiyo sura moja inatoka kwa mnunuzi, si kwa mfumaji.

#12 PwezaWaWatamu

Nyote mmeruka jambo la msingi: uzi. Nenda dukani uone kuna nini. Akriliki, rangi chache, unene mmoja. Pamba nzuri inatoka Mombasa, na ya Lamu inapanda basi hadi Mokowe, inashushwa, inavushwa kwa mashua. Ikifika bei si ile. Sasa sote tukifuma kwa uzi mmoja, unene mmoja, rangi zilezile, hata tukiwa na mawazo elfu, mlangoni vitafanana tu. Dada UziMweupe anazungumzia mawazo. Mimi nasema ni rafu za duka.

#13 UziMweupe

@PwezaWaWatamu hilo lina uzito. Ila rangi nyeusi na nyeupe zipo kila duka, na milango yetu haina rangi nyingi hata kidogo. Uchache wa rangi haujamzuia seremala kuwa na mitindo.

#14 PwezaWaWatamu

Seremala hanunui mbao kwa gramu 50.

#15 Kaskazi

😂 Hapo umempata.

Ila niongeze, maana wengi hupoteza pesa hapa: mtandaoni usisome jina la uzi, soma namba ya unene. Nyuzi nyingi zina alama ya mpira mdogo wenye namba, kuanzia 0 ule mwembamba wa lesi hadi 7 ule mnene kabisa. Mtindo ukisema 3 na wewe una 4, blauzi itatoka ya dada mkubwa. Na kama unanunua mipira kadhaa ya rangi moja, hakikisha namba ya mkupuo wa rangi kwenye karatasi, yaani nyuzi zilizotiwa rangi pamoja, ni moja. Rangi ya mpira wa leo na wa mwezi ujao hazilingani, na juani inaonekana waziwazi.

#16 Kulabu ya Shaba (Malindi)

Mbona hakuna aliyegusa picha za uongo? Mnazungumza kana kwamba kila picha mtandaoni ni kitu kilichofumwa. Miaka hii michache zimejaa picha zilizotengenezwa na kompyuta, za akili mnemba. Kiti kizima cha kroshia chenye umbo la tausi. Gauni la harusi lenye maua yanayoning'inia hewani. Na watu wanauza maelekezo yake! Jirani yangu alinunua, akaletewa kurasa za maneno yasiyofungamana, mzunguko wa tatu una matundu 18, wa nne una 50, na hakuna palipoelezwa nyongeza.

Namna ninavyozitambua: nakuza picha na kufuata uzi mmoja kwa jicho. Kroshia ya kweli ina vitanzi unavyoweza kuvihesabu, kila kimoja kimetoka kwenye kilicho chini yake. Kwenye za uongo vitanzi vinayeyukia ndani ya vingine, au kitu kinaanza kama sindano mbili na kumalizika kama kroshia bila mahali pa kuunganishwa. Na tafuta picha ya nyuma. Mfumaji wa kweli ana picha ya nyuma, ya kitu kikiwa nusu, ya mpira ukiwa pembeni. Mwenye picha moja tu ya mbele, muogope.

#17 BintiShela

Sasa naelewa kwa nini yule mteja wa "joho la pweza" alikuwa hana hata jina la mbunifu. Nilimwambia haliwezekani akadhani sijui kazi.

#18 Sindano4

Kumbe ndiyo sababu nyingine kazi hazitoki kama picha. Lakini si picha tu. Kuna mtego wa Mmarekani na Mwingereza. Ukikuta dc kwenye maelekezo ya Marekani ni ule mshono mrefu. Ukiikuta dc kwenye ya Uingereza ni mshono mfupi. Ule mrefu wao wanauandika tr. Kwa hiyo watu wawili wanafuata karatasi ileile, mmoja anatoa kitambaa chenye matundu, mwingine anatoa ubao. Dawa: tafuta sc, ndivyo Wamarekani wanavyouandika mshono mfupi. Ukiiona popote ndani, maelekezo ni ya Kimarekani, kwa kuwa Waingereza hawaitumii kabisa.

#19 Mama Wawili

Subhanallah. Miaka yote nilikuwa nalaumu sindano.

#20 Ngalawa Mpya

Mimi nadhani mnajisumbua bure. Hivi vyote vya bei rahisi vinatoka viwandani Asia, mashine inatema mia kwa saa. Huwezi kushindana nao, uwe na mtindo wa mlango au wa dirisha.

#21 Kaskazi

@Ngalawa Mpya, hapana. Mashine ya kufuma ipo na ni ya kale, William Lee wa Uingereza aliibuni ya soksi mwaka 1589. Lakini hiyo ni ya kufuma kwa sindano, ile ya vitanzi vingi vinavyoning'inia kwa pamoja. Kroshia ya kweli bado haina mashine ya kiwandani. Kuna mashine zinazoiga sura yake, ukikuza utaona si yenyewe. Ina maana mkoba wa miraba unaouona dukani kwa bei ya chai umefumwa na mkono wa mtu fulani, mahali fulani, na amelipwa unavyoweza kukisia.

#22 Kulabu ya Shaba

Na hilo ndilo la kumwambia mteja. Mimi siku hizi namwambia, na wengine huacha kubishania bei.

#23 Ngalawa Mpya

Sawa, nimesikia. Lakini basi tusijifanye kroshia ni yetu. Ni ya Wareno, waliileta walipokuja Malindi na Vasco da Gama 1498.

#24 Mwalimu Zidaka

Ndugu yangu, mnara ule wa pwani ya Malindi usiutundikie kila kitu! Da Gama alifika kweli 1498. Lakini kroshia kama tunavyoijua haina ushahidi wa umri huo. Maelekezo ya kale kabisa yaliyochapwa yanayojulikana ni ya jarida moja la Uholanzi, miaka ya 1820. Ilienea sana Ulaya katika karne hiyohiyo ya 19. Waayalandi, njaa ya viazi ilipowapiga kuanzia 1845, walifundishwa kufuma lesi ya kroshia wapate cha kuuza. Wareno wa da Gama walikuwa wamekwisha kuoza zamani.

#25 Fundi Kofia

Na sisi twalikuwa na mikeka kabla ya wote hao. Ukili wa miyaa, rangi mbili tatu, mitindo ina majina. Enda Siyu, enda Pate, keti na wanawake wazee uwaulize.

#26 Sindano4

Ami, mkeka huo umenipa wazo kuliko mlango. Ukili ni ukanda mrefu mwembamba unaoshonwa kwa kuzungushwa. Kroshia nayo unaweza kufuma ukanda mrefu mwembamba ukauzungusha vivyo hivyo. Nalijaribu hili kwa mkoba.

#27 Dafu (Malindi)

Nimeona video watu wanakata mifuko ya plastiki vipande virefu, wanafumia mikoba na mikeka ya ufukweni. Huo uzi ni bure, dada Pweza hatalalamikia rafu za duka. Nani amejaribu?

#28 PwezaWaWatamu

Mifuko ipi? Kenya mifuko ya kubebea ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017. Ukionekana nayo ya kutosha mkoba mzima utaulizwa umeitoa wapi. Hapo ndipo wazo la mtandaoni linapogonga mwamba: lina nchi yake. Mbadala wake ni fulana chakavu au leso iliyochanika. Unaikata utepe wa upana wa kidole kwa kuzunguka, usikatize, mwisho una mpira mmoja mrefu. Kulabu kubwa, milimita 10 na zaidi.

#29 BintiShela

Na plastiki ya baharini? Lamu si ndiko walikojenga lile jahazi la Flipflopi kwa plastiki iliyookotwa, likazinduliwa 2018, likasafiri hadi Zanzibar?

#30 PwezaWaWatamu

Lile wameyeyusha plastiki wakapata mbao. Plastiki iliyopigwa na jua na chumvi ukiikata utepe inakatika mkononi. Kwa kroshia haifai.

Lakini kwa kuwa mmetaja bahari, niwaeleze wazo la mtandaoni lililonishika kuliko yote. Kuna mwanahisabati wa asili ya Latvia, Daina Taimina, chuo kikuu cha Cornell, Marekani. Mwaka 1997 alikuwa anatafuta namna ya kuwashikisha wanafunzi umbo fulani la jiometri ambalo likitengenezwa kwa karatasi huchanika upesi, linalojikunja kila upande. Akalifuma kwa kroshia. Siri yake ni moja tu: unaongeza kwa kipimo kisichobadilika. Kila matundu matatu unaongeza moja, safu hadi safu, huachi. Kitambaa kinakosa pa kwenda, kinaanza kujikunja kama majani ya figili.

Baadaye ndugu wawili, Margaret na Christine Wertheim, waliona kwamba umbo hilo ndilo la matumbawe. Wakaanza 2005 kufuma mwamba mzima wa baharini, na watu wa miji mingi duniani wamefuma wa kwao. Tafuteni Crochet Coral Reef, picha zipo tele.

Sasa mimi ninaishi mbele ya matumbawe yenyewe! Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zipo tangu 1968. Mawimbi yakitulia nashuka na miwani ya maji, natazama, narudi nyumbani nafuma. Lile la ubongo linataka nyongeza kila tundu, ndiyo linabana. Lile la kipepeo linataka kila matundu matano, linatandazika. Mtandaoni nilichukua kanuni. Sura naitoa majini.

#31 UziMweupe

@PwezaWaWatamu wewe uliyesema tatizo ni uzi! Matumbawe umeyafuma kwa uzi gani?

#32 PwezaWaWatamu

Akriliki ya dukani. Rangi hizohizo chache. 🙂 Lakini bado nasema pamba ingetoka vizuri zaidi, kwa hiyo hoja yangu haijaanguka.

#33 Kulabu ya Shaba

Swali la upande. Nikiona picha ya blauzi, nikaifuma kwa kuitazama tu, bila kununua maelekezo, nimeiba?

#34 Kaskazi

Kwa ninavyoona mimi, maandishi ya maelekezo na mchoro ni mali ya aliyeuandika. Kuyapiga picha na kuyarusha kwenye kundi la WhatsApp ni kumnyang'anya mkate. Kutazama kitu kwa macho ukakisia mishono ni jambo jingine. Ila mtaje. Ukijua jina la mbunifu liweke kwenye kadi ya bei.

#35 BintiShela

Sikubaliani nawe kaka. Mtu akinikalia mbele ya duka akahesabu matundu ya mkoba wangu, kesho akautundika wake kwa bei pungufu, mimi nimeumia hata kama hakuiba karatasi. Imetokea. Ndiyo sababu vitu vingine sivipigi picha kabisa, namwonyesha mteja mkononi.

#36 Fundi Kofia

Kofia hazina mwenyewe. Mtindo ukipendeza huigwa muyi mzima, na mwaka wa pili mchoraji huleta mwingine. Ndiyo heshima yake.

#37 BintiShela

Ami, mchoraji wa kofia anaigwa na jirani anayemjua. Mimi naigwa na mtu wa Ureno asiyejua hata Shela iko upande gani wa dunia. Naona si sawasawa.

#38 Mama Wawili

Watoto, msigombane. Mimi nimekaa na daftari la Mwalimu na leso yangu ya zamani magotini. Leso si ina pindo pande zote, mji katikati, na jina? Basi nafuma mtandio wa mgongoni wa hivyo hivyo. Pindo la miraba iliyojaa, mji wa matundu upitishe upepo, na jina nitaliandika kwa miraba. Herufi zinakaa vizuri sana kwenye miraba, nimejaribu "A" na "M".

Kinachonisumbua ni pembe. Pindo likifika pembeni mtindo unakatika katikati ya ua.

#39 Mwalimu Zidaka

Mama, pembe anza nayo, usiishie nayo. Chora pembe moja kwanza, ikae sawa, kisha hesabu miraba ya ua moja la pindo. Kama ua lina miraba 8, urefu kati ya pembe na pembe lazima ugawike kwa 8. Usipogawika ongeza mraba kwenye mji, usiguse pindo. Na ukitaka kuona wengine walivyotatua, tafuta kingo za vitambaa vya meza kwenye ile maktaba ya vijitabu vya zamani. Pembe zimechorwa peke yake.

#40 Dafu

Mama Wawili, ukimaliza usiweke Pinterest kabla hujauza wa kwanza!

#41 UziMweupe

Wallahi mnaniyumbisha. Mmoja kasema mteja, mmoja uzi, mmoja picha za uongo, Ami kasema tumeyapa kisogo ya kwetu. Bado nashikilia langu kwamba ni kisima, lakini leo usiku bando la mwisho naliweka kwenye hiyo crochê na barbante.

Mwenye mchoro wa ukanda wa kofia uliokwisha kuhamishiwa kwenye miraba anitumie tafadhali.

#42 Mwalimu Zidaka

Nimekutumia wa binti yangu, ukanda wa miraba 12 kwenda juu. Mstari wa tisa, upande wa kulia, umekosa mraba mmoja uliojaa. Utie penseli kabla hujaanza.